"Msimu" wa klabu ya Amerika Kusini ni nini? Tuutazame wa Botafogo, 2024

Ukipitia kumbukumbu za klabu yoyote ya Brazil utaona imeandikwa "msimu wa 2024", si 2024/25. Shabiki aliyezoea Ligi Kuu Bara, au ile ya Uingereza, anaweza kudhani mwandishi amefupisha tu. Hajafupisha. Kule msimu huanza Januari na kwisha Desemba, ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na katika mwaka huo klabu moja inaweza kujikuta kwenye mashindano matano au zaidi, kila moja likiwa na mwenye nalo, kanuni zake na tarehe zake. Mtu akikuuliza msimu wa Botafogo ulikuwaje, ukimtajia nafasi waliyoshika kwenye ligi hujamjibu hata nusu. Neno hilo kule hubeba fungu zima: kombe la jimbo, ligi ya taifa, kombe la taifa, mashindano ya bara, na mwaka ukinyooka, safari ya kwenda kukutana na mabingwa wa mabara mengine.

Nimechukua Botafogo ya Rio de Janeiro, mwaka 2024, kwa sababu mwaka ule walipita karibu kila mlango, pamoja na ile ambayo timu kubwa hazipendi kupita.

Tuanze na majimbo, maana hapo ndipo wageni wengi hupotea. Brazil ina majimbo 26 na Wilaya ya Shirikisho, na kila moja lina ubingwa wake. Ule wa São Paulo, Paulista, ulianza mwaka 1902. Ule wa Rio, Carioca, mwaka 1906. Ligi ya taifa, Campeonato Brasileiro, ilikuja kuanzishwa mwaka 1971. Nchi ni kubwa mno, na enzi za treni na meli timu ya Porto Alegre, kusini, isingeweza kwenda Recife, kaskazini-mashariki, kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo soka lilikua jimbo kwa jimbo. Watani wa jadi wa kule wengi ni wa mji mmoja kwa sababu hiyo: Botafogo, Flamengo, Fluminense na Vasco da Gama wote wa Rio.

Hadi 2025 mashindano hayo ya majimbo yalikula miezi ya Januari hadi mwanzoni mwa Aprili. Klabu kubwa huyalalamikia, ila hazithubutu kuyasusa, kwani kumfunga mtani hakuna msimu. Mwaka 2024 Botafogo hawakuingia hata nne bora za Carioca. Waliangukia kwenye Taça Rio, kombe la waliobaki nje, wakalichukua. Kwa maoni yangu hilo ni kombe la kufutia machozi, lakini limo kwenye orodha ya mataji ya mwaka ule.

Aprili ilikuwa ikianza Brasileirão yenyewe, jina la mazoea la Campeonato Brasileiro. Timu 20, mechi 38, nyumbani na ugenini, mwenye pointi nyingi ndiye bingwa, wanne wa mwisho wanashuka daraja. Mfumo huo unaonekana wa kawaida kabisa, ila umeanza mwaka 2003 tu; kabla ya hapo bingwa mara nyingi alipatikana kwa mtoano, na mpangilio ulibadilishwa mara kwa mara. Kuna jambo dogo la kulishika: timu mbili zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza ni idadi ya mechi zilizoshinda, si tofauti ya mabao. Litatufaa huko mbele.

Sambamba na ligi kuna Copa do Brasil, kombe la mtoano lililoanzishwa mwaka 1989, linalopokea timu kutoka kila jimbo. Bingwa wake hupata tiketi ya Libertadores. Botafogo walitolewa na Bahia kwenye 16 bora, sare ya 1-1 nyumbani na kufungwa 1-0 Salvador mwezi Agosti. Wakati ule mashabiki walinuna. Baadaye ilionekana kuwa tarehe zilizobaki wazi ziliwasaidia.

Sasa Libertadores. Hii ndiyo Ligi ya Mabingwa ya bara lile, iliyoanza mwaka 1960, na husimamiwa na CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika Kusini, lenye nchi wanachama kumi. Brazil na Argentina hupewa nafasi nyingi kuliko wengine. Hatua ya makundi ina timu 32, makundi manane, wawili wa juu wanasonga mbele. Anayeshika nafasi ya tatu hapelekwi nyumbani. Anashushwa kwenye Copa Sudamericana, mashindano ya pili kwa ukubwa. Kwa msomaji wa Tanzania hilo si geni. Yanga walipotolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa msimu wa 2022/23 walishuka Kombe la Shirikisho, na wakafika fainali.

Botafogo hawakuanzia kwenye makundi. Mwaka 2023 waliongoza Brasileirão kwa pengo la pointi 13, kocha wao Luís Castro akaondoka katikati ya mwaka kwenda Al-Nassr ya Saudi Arabia, na mwishoni wakaporomoka vibaya. Mechi inayokumbukwa ni ya Novemba mosi dhidi ya Palmeiras: waliongoza 3-0 hadi mapumziko, wakafungwa 4-3. Walimaliza wa tano. Nafasi ya tano iliwapa tiketi ya Libertadores, lakini ya kupitia mlango wa nyuma, raundi mbili za mchujo zinazochezwa Februari na Machi huku kombe la jimbo likiendelea. Hapa ndipo neno "msimu" linapoanza kuonyesha uzito wake, kwani adhabu ya mwaka mmoja inalipwa kwa mechi za ziada mwaka unaofuata.

Mchujo wa kwanza uliwapeleka Cochabamba, Bolivia, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, dhidi ya Aurora. Walitoka 1-1. Kwao Rio wakashinda 6-0, Júnior Santos akifunga mabao manne peke yake. Tofauti ya matokeo hayo mawili haielezwi na ubora wa timu tu. Mwinuko ni mchezaji wa kumi na mbili huko Andes: pumzi inakata mapema na mpira unakimbia kuliko mguu ulivyozoea. Mchujo wa pili waliwatoa Red Bull Bragantino, Wabrazil wenzao. Halafu makundi yakaanza kwa mikosi, 3-1 nyumbani dhidi ya Junior ya Barranquilla, na 1-0 Quito, mlimani tena, dhidi ya LDU. Mechi mbili, pointi sifuri. Kocha mpya, Mreno Artur Jorge, alikuwa ndiyo kwanza amewasili. Walimaliza makundi wakiwa wa pili.

Jambo la pili linalotofautisha msimu wa kule ni dirisha la usajili. Kwa kuwa Ulaya inafunga msimu Mei na kufungua mwingine Agosti, wanunuzi wanakuja wakati klabu za Brazil ziko katikati ya kazi. Timu inayoanza msimu mara nyingi siyo inayomaliza Desemba. Kwa kawaida hilo huwaumiza. Botafogo mwaka 2024 waligeuza meza, kwa sababu walikuwa na fedha za mmiliki wao, Mmarekani John Textor, aliyenunua idara ya soka mwaka 2022 baada ya sheria mpya kuruhusu klabu ziwe kampuni. Katikati ya mwaka walimleta Thiago Almada, aliyekuwa kwenye kikosi cha Argentina kilichotwaa Kombe la Dunia 2022, na mshambuliaji Igor Jesus. Septemba akaja beki wa kushoto Alex Telles. Luiz Henrique alikuwa ameshatua mwanzoni mwa mwaka akitokea Real Betis.

Ratiba nayo haikuwa na huruma. Mafuriko makubwa ya Rio Grande do Sul mwezi Mei yalisimamisha ligi kwa raundi mbili, zikazaliwa mechi za viporo. Juni na Julai ilichezwa Copa América, na Brasileirão haikusimama. Waliokuwa na wachezaji kwenye timu za taifa waliendelea kucheza bila wao.

Kwenye 16 bora ya Libertadores Botafogo wakapangiwa Palmeiras, walewale. Safari hii walishinda 2-1 nyumbani na kutoka 2-2 ugenini. Robo fainali waliitoa klabu ya São Paulo kwa penalti. Nusu fainali dhidi ya Peñarol ya Uruguay ilikuwa 0-0 hadi mapumziko pale Rio. Kipindi cha pili wakafunga matano. Kipigo cha 3-1 cha Montevideo wiki moja baadaye hakikubadilisha kitu.

Wakati huohuo ligi ilikuwa inawaponyoka. Novemba walitoa sare tatu mfululizo, Palmeiras wakawafikia kwa pointi 70 na kukaa juu kwa kigezo kile cha mechi zilizoshinda. Mzuka wa 2023 ulikuwa umerudi, na waliokuwa wakiwacheka hawakuficha.

Kuanzia hapo itazame ratiba siku kwa siku. Novemba 26, jijini São Paulo, kwenye uwanja wa Palmeiras: ushindi wa 3-1, wamerudi kileleni. Siku nne baadaye, Novemba 30, uwanja wa Monumental, Buenos Aires, fainali ya Libertadores dhidi ya Atlético Mineiro. Tangu 2019 fainali ni mechi moja kwenye uwanja uliochaguliwa mapema, si nyumbani na ugenini kama zamani, kwa hiyo kosa moja halina marudiano. Dakika ya kwanza haijaisha, kiungo wa Botafogo, Gregore, akainua mguu juu na kumpiga kichwani Fausto Vera wa Atlético. Kadi nyekundu. Timu imebaki na watu kumi na dakika karibu zote 90 ziko mbele. Artur Jorge hakumwingiza mtu kuziba pengo. Aliwaacha washambuliaji wake uwanjani na kuwapanga upya. Luiz Henrique alifunga dakika ya 35, kisha akaangushwa ndani ya boksi na Telles akapiga penalti ya bao la pili. Eduardo Vargas alirudisha moja mara baada ya mapumziko. Dakika za nyongeza, Júnior Santos, aliyekaa nje miezi kadhaa kwa kuvunjika mguu, aliingia na kufunga la tatu. Lilikuwa bao lake la kumi kwenye mashindano yale, na hakuna aliyefunga zaidi yake. Libertadores ya kwanza katika historia ya klabu, na hundi ya dola milioni 23 kwa kushinda fainali ile peke yake.

Desemba 4 walikuwa Porto Alegre, kusini kabisa mwa Brazil, wakaifunga Internacional 1-0. Desemba 8 wakarudi nyumbani uwanja wa Nilton Santos kumalizana na São Paulo: 2-1, na bao la ushindi likafungwa na Gregore. Ndiyo, yuleyule. Mtu anaweza kujiuliza alichezaje. Adhabu ya kadi ya CONMEBOL hutumikiwa kwenye mashindano ya CONMEBOL. Ligi ya Brazil haihusiki. Mashindano haya yanagusana kwenye miguu ya wachezaji, si kwenye makaratasi. Botafogo walimaliza na pointi 79, Palmeiras 73, ubingwa wa kwanza wa ligi tangu 1995. Kutwaa ligi na Libertadores mwaka mmoja kulikuwa kumefanywa na Santos ya Pelé, 1962 na 1963, enzi ambazo ubingwa wa taifa ulikuwa wa Taça Brasil, na Flamengo, 2019.

Wakapanda ndege kwenda Qatar. Desemba 11 walikuwa Doha wakicheza na Pachuca ya Mexico kwenye Kombe la Mabara la FIFA la klabu (Intercontinental Cup), wakapigwa 3-0, mabao yote kipindi cha pili. Wapo walioandika kwamba kipigo kile kilionyesha kiwango halisi cha Botafogo. Mimi siafiki. Mechi tano ndani ya siku 16, katika nchi tatu, ya mwisho ikiwa ng'ambo ya bahari siku tatu baada ya kutwaa ubingwa, ni mtihani wa usingizi kuliko wa soka. Ukijumlisha kila kitu tangu Carioca, mechi za mwaka ule zinafika kama 75.

Usidhani nchi zote za bara lile zinafuata mpango wa Brazil. Colombia na Paraguay zinagawa mwaka mara mbili, nusu ya kwanza (Apertura) na ya pili (Clausura kwa Paraguay, Finalización kwa Colombia), na kila nusu inatoa bingwa wake kamili. Uruguay inagawa pia, ila mwishoni inawakutanisha washindi ili abaki mmoja. Argentina ina timu 30 ligi kuu, na timu inaweza kushushwa kwa wastani wa pointi za misimu mitatu, kwa hiyo unaweza kufanya vibaya leo na kuokolewa na ulichovuna mwaka juzi.

Matunda na madeni ya 2024 yalihamia mwaka uliofuata. Artur Jorge aliondoka kwenda Qatar, Luiz Henrique akauzwa Zenit, Almada akaenda Lyon, wakati ule klabu nyingine ya Textor. Februari 2025, mastaa wakiwa wameshaondoka, walifungwa na Flamengo 3-1 kwenye Supercopa, mechi ya bingwa wa ligi na bingwa wa Copa do Brasil, kisha Racing ya Argentina ikawanyang'anya Recopa, kombe la bingwa wa Libertadores na bingwa wa Sudamericana, kwa mabao 4-0 ya jumla. Juni, kwenye Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani, nafasi waliyoipata kwa ubingwa wa Libertadores, wakaifunga PSG 1-0, bao la Igor Jesus, wiki chache baada ya PSG kutawazwa mabingwa wa Ulaya. Walitolewa 16 bora. Na nani? Palmeiras.

Kelele za ratiba zimeanza kusikika. Shirikisho la Brazil limepunguza tarehe za mashindano ya majimbo hadi 11 kuanzia 2026, na Brasileirão sasa inaanza mwishoni mwa Januari, ikienda pamoja na kombe la jimbo badala ya kulisubiri.