Valentine yangu huanza Desemba

Wiki ya kwanza ya Desemba, wengine wakikata tiketi za kwenda ushago, sisi Naivasha tunakata mashina mazima ya waridi jekundu na kuyatupa. Kibarua mgeni huona ni wazimu. Namshikisha makasi, namwonyesha jani lenye vijani vitano na jicho lililo kwapani mwake: kata juu yake kidogo. Jicho hilo litatoa shina jipya, na baada ya wiki nane hivi shina litakuwa na ua. Hesabu uone unaangukia wapi.

Swali linalofuata ni lilelile: “Mzee, huyo Valentine alikuwa nani?”

Mfia dini wa Roma, karne ya 3, na habari zake ni chache mno. Mapenzi yaliletwa na mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliposema ndege huchagua wenza wao siku ya mtakatifu huyo. Mwaka 1477 binti wa Kiingereza, Margery Brews, anamwandikia mchumba wake John Paston, anamwita Valentine wake, kisha anaingia kwenye mali: baba yake hataki kumwongezea bwana harusi. Kwao aliyetoa ni upande wa binti. Hapo vibarua huacha kazi kabisa, tunabishana mahari.

Biashara yenyewe ilianzia kwenye karatasi. Zamani Uingereza mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na umbali ukizidi, bei inazidi. Mwaka 1840 ikawa peni moja nchi nzima, analipa mtumaji, na kadi zikafurika. Huko Marekani, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts, aliwaketisha wanawake mezani, huyu anakata, yule anabandika lesi. Aliuza biashara hiyo 1881, na hakuolewa maisha yake yote. Nikiingia chumba chetu cha kupakia, huyu anapima urefu wa shina, yule anafunga mafungu, namwona Esther pale mezani.

Kanisa Katoliki lilimwondoa Valentine kwenye kalenda yake kuu mwaka 1969, karibu wakati Wadenmark walipokuwa wakianzisha kilimo cha maua ya kuuza nje hapa Kenya. Mtakatifu katoka, tarehe imebaki, na tunachouza ni hiyo tarehe. Ua ni lilelile la Juni. Pale Aalsmeer, Uholanzi, kwenye mnada wa maua, saa inayoonyesha bei huanza juu ikishuka, na anayebonyeza kwanza ndiye mnunuzi. Kabla ya Valentine wanabonyeza upesi. Siku ikishapita, bei inateremka na watu wanaitazama tu.

Ndiyo maana baridi ya usiku wa Januari hunikosesha usingizi: ua likichelewa siku nne, hata liwe na shina la sentimita 60, soko lake limekwisha. Tarehe 14 yenyewe grinhausi ni majani matupu. Mke wangu huletewa waridi tarehe 16, katika yale yaliyochelewa.