Gari Likipanda Juu ya Tela: Maana ya Bima ya Gari na Bima ya Mzigo

Ukisimama Miritini asubuhi ukayatazama malori yanayotoka Bandari ya Kilindini kushika njia ya Mariakani, hutakosa kuona tela lililobeba magari mengine, yamepangwa chini na juu, hayajapata nambari za usajili, na magurudumu yake yamefungwa kwa mikanda. Kila moja lina injini na usukani, na mpita njia yeyote ataliita gari. Kwa lugha ya bima, hata hivyo, gari lililopandishwa juu ya tela linahesabiwa kuwa mzigo, sawa na magunia ya mchele au marobota ya mitumba, na bima ya lori linalolibeba kwa kawaida hailigusi hata kidogo. Nimeona watu wakipoteza fedha nyingi kwa kutolijua jambo hili, na ndiyo sababu nataka kulieleza polepole.

Tuanze na bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuikata. Nchini Kenya, Sura ya 405 ya Sheria inataka gari lolote linaloendeshwa barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Katika hesabu hiyo mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni mtu wa nje anayeweza kuumizwa na gari hilo. Sheria inalenga kifo na majeraha ya mwili, na imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Mali ya mtu wa tatu, kama vile ukuta wa duka au gari la jirani, hulipiwa kwa kadiri mkataba wenyewe unavyosema.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mwenye mzigo hujiambia kwamba, kwa kuwa yeye si mwenye lori wala si kampuni ya bima, basi bila shaka ni mtu wa tatu, na mali yake ikiharibika atalipwa kwa bima hiyo. Hoja hiyo inaingia akilini, lakini mikataba ya bima za magari kwa desturi huiondoa waziwazi mali iliyobebwa na gari lenyewe au iliyo mikononi mwa mwenye gari. Lori likipinduka likaangukia kibanda cha mama anayeuza mahamri kando ya njia, mama huyo anaweza kudai fidia; mwenye magunia yaliyomwagika kutoka kwenye lori hilohilo hana dai lolote katika bima hiyo. Hata bima kamili, ile inayomlipa mwenye lori kwa ajali, moto au wizi wa chombo chake, juu ya kinga ya mtu wa tatu huongeza ulinzi wa chuma cha lori tu, si wa mzigo.

Na chuma chenyewe ni vipande viwili. Kichwa, yaani sehemu yenye injini, kina nambari yake na kitabu chake cha umiliki, na tela lina vyake; nambari za tela nchini Kenya huanza kwa herufi Z. Mmiliki anayekata bima kamili ya kichwa akalisahau tela anaweza kupata hasara ya mamilioni siku tela litakapopinduka peke yake, au litakapoachwa kwenye yadi bila kichwa likaondoka na wezi. Anayekata bima ahakikishe nambari zote mbili zimeandikwa katika mkataba, kila moja na thamani yake.

Mali iliyo juu ya tela inahitaji bima ya namna nyingine, nayo ni bima ya mizigo safarini. Hii hulipa mzigo ukipotea au ukiharibika kuanzia unapopakiwa hadi unapofikishwa, kwa sababu zilizotajwa katika mkataba, kama vile ajali ya barabarani, moto, kupinduka na wizi. Swali la kwanza la kuuliza ni nani aliyeikata. Ikiwa imekatwa na msafirishaji, mara nyingi inalinda dhamana ya msafirishaji mwenyewe: kampuni italipa pale tu msafirishaji anapowajibika kwa hasara, na hapo masharti aliyoyachapisha nyuma ya hati yake ya kusafirishia, ambayo mteja hutia saini bila kuyasoma, huwa na uzito mkubwa. Ikiwa imekatwa na mwenye mali, inamlipa yeye moja kwa moja, kisha kampuni ya bima hubaki na haki ya kumdai msafirishaji. Kwa maoni yangu mwenye mali ya thamani asitegemee bima ya mtu mwingine, hata kama anamwamini kama ndugu.

Magari ya mtumba yanayoshushwa bandarini yana aina nyingine ya bima inayofaa kujulikana, ile ya baharini. Licha ya jina lake, inaweza kuusindikiza mzigo hata nchi kavu, mpaka ghala la mwisho lililotajwa, ikiwa imeandikwa hivyo. Masharti yanayotumika zaidi duniani ni yale yanayojulikana kwa herufi A, B na C. A ni pana kuliko yote, na C ni finyu: inalipa mambo kama moto, chombo kuzama, au lori kupinduka, lakini hailipi wizi. Yote matatu yana ukomo wa siku 60 tangu mzigo unapomaliza kushushwa melini katika bandari ya mwisho, kwa hiyo mwenye gari lililokwama bandarini kwa sababu ya ushuru anaweza kujikuta bima imekwisha kabla gari halijapakiwa kwenye tela.

Rafiki yangu wa Kisauni alipatwa na jambo hili. Alikuwa akipeleka gari dogo la mtumba kwa mnunuzi wake Eldoret, na akanitaka nimsindikize yadini Changamwe kulikabidhi. Karani alitupa karatasi yenye mchoro wa gari lililochorwa kutoka juu na kutoka ubavuni, akazunguka na kalamu akitia duara kila penye mkwaruzo: duara moja kwenye mlango wa nyuma, jingine kwenye bampa. Boneti ilikuwa safi, na kwenye karatasi ikabaki nyeupe. Kesho yake, katika mteremko wa Mazeras, dereva alifunga breki ghafla, mkanda wa gurudumu la mbele ukachomoka, na gari likasogea likaligonga lililokuwa mbele yake. Boneti ilikunjika na rejeta ikatoboka. Msafirishaji, kwa nia njema kabisa, alitoa cheti cha bima kamili ya lori lake akiamini kitalipa, na kampuni ya bima ikajibu kwa barua ya aya mbili kwamba mali iliyobebwa haimo katika mkataba. Bima ya mizigo safarini hakuwa nayo. Bima ya baharini ya rafiki yangu nayo ilikuwa imeandikwa mpaka Mombasa. Bima zilikuwa mbili na karatasi zote zilikuwa halali, lakini hapakuwa na hata moja iliyofika Mazeras.

Mtu ambaye gari lake tayari lina nambari na bima kamili anaweza kuwa na nafuu, kwa kuwa baadhi ya mikataba hiyo huendelea kulilinda gari hata linaposafirishwa juu ya chombo kingine. Hilo halikisiwi, linasomwa katika mkataba kabla ya safari. Gari bovu linalovutwa barabarani kwa mnyororo lina masharti yake, na kwa desturi bima ya gari linalovuta hailipi uharibifu wa linalovutwa.

Jambo jingine linaloumiza ni thamani. Mfanyabiashara hutaja thamani ndogo ili apunguze malipo ya bima, akidhani hasara ikiwa ndogo atalipwa yote. Sivyo. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi 4,000,000, naye ameukatia bima ya 2,500,000. Ukiharibika kwa kiasi cha 800,000, na mkataba ukiwa na sharti la uwiano, atalipwa 500,000 tu, kwa sababu alikata bima ya sehemu tano kati ya nane za mali yake, na sehemu tatu zilizobaki ni kana kwamba aliamua kuzibeba mwenyewe. Kutoka kwenye hizo 500,000 hukatwa tena kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba unamwachia mwenye bima.

Yapo pia mambo ambayo bima ya mizigo haiyalipi hata ikiwa imekatwa ipasavyo: mzigo uliofungashwa vibaya na mwenyewe, bidhaa inayooza kwa asili yake, hasara itokanayo na kuchelewa tu. Mikataba mingi hukataa wizi uliotokea lori likiwa limeachwa bila mtu, na hapo dereva aliyeegesha Mtito Andei akaenda kula huku utingo naye amelala kwingine anaweza kulifanya dai zima likataliwe.

Safari ikivuka mpaka wa Uganda pale Malaba au Busia, lori huhitaji Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika; ni mpango uliotokana na itifaki ya mwaka 1986 unaoifanya bima ya mtu wa tatu itambulike katika nchi wanachama. Kadi hiyo haiugusi mzigo, na bima ya mizigo nayo lazima itaje nchi zitakazopitiwa.

Mzigo ukifika, anayeupokea aukague kabla ya kutia saini. Ile karatasi yenye mchoro iletwe, gari lishushwe mahali penye mwanga, na kila alama mpya iandikwe kwenye hati ya kupokelea mbele ya dereva, naye atie saini yake pembeni. Kisha kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi bila kukawia, na mali iliyoharibika isitengenezwe wala kuhamishwa kabla mkaguzi hajaiona, isipokuwa kwa lile linalolazimu kuzuia uharibifu usizidi.