"Nyumba ni mpya, unakagua nini?"

Mtu amelipa mamilioni, amekabidhiwa funguo, amekaa miezi minne, ndipo ananitafuta. Namuuliza, kabla ya kulipa nani aliikagua? Ananitazama kama nimemtukana. "Injinia, nyumba ilikuwa mpya! Hata rangi ilikuwa bado inanuka."

Haya, tuanzie hapo hapo kwenye rangi. Nyumba iliyokaa miaka kumi imeshasema yake yote. Masika kumi yamepita juu yake. Bati likivuja utaona doa kwenye dari, ukuta ukinyonya maji utakuta chumvi imeshakula plasta kwa chini, msingi ukiwa dhaifu ufa umeshajitokeza. Nyumba mpya bado haijafungua mdomo. Imepigwa skimu, ule upako laini wa kusawazisha ukuta, na rangi wiki mbili kabla dalali hajakuleta, na aliyeficha kosa analijua lilipo. Wewe hulijui. Kwa hiyo kama una pesa ya kukagua nyumba moja tu maishani mwako, kagua mpya. Lile jengo lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa jipya kuliko hiyo yako: lilikuwa bado linajengwa.

Kumbuka pia kwamba anayejenga ili auze hatalala humo. Wapo waungwana, nawajua na nawaheshimu. Lakini nimeshasimama kwenye viwanja ambako mfuko wa saruji wa kilo 50, ambao kwa matofali ya inchi sita ungetoa 30 hivi, unakamuliwa mpaka 50. Yakishafyatuliwa hayamwagiliwi, kwa sababu maji ya boza yana bei, na asubuhi ya tatu yanapandishwa ukutani. Kisha inakuja plasta nene ya kuficha yote. Mnunuzi anaupiga ukuta kwa kiganja, anamgeukia mkewe: "Mzito huu!" Mzito wa plasta, kaka.

Mama mmoja alinunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kibaha mwezi wa pili, jua kali, kila kitu kinang'aa. Mwezi wa tano mlango wa chumba cha watoto ukagoma kufunga. Wakauranda. Baada ya wiki ukagoma tena. Nilipofika, ufa ulianzia kona ya dirisha ukashuka kwa ngazi ngazi, ukifuata viungo vya matofali, na ncha ya kalamu yangu iliingia bila kulazimishwa. Nikazunguka nje: ufa ule ule, mahali pale pale. Mama akanipa simu nimsikie muuzaji. "Mzee, nyumba inajiseti tu hiyo, kawaida."

Hilo neno, kujiseti, ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku. Tukachimba pembeni ya msingi. Chini ya kifusi kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania jembe, na msingi ulikuwa umekaa juu juu, hata futi mbili haufiki. Baadhi ya maeneo ya Kibaha yanajulikana kwa udongo huu. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na kila msimu unaibeba nyumba na kuishusha. Tatizo haubebi pembe zote sawasawa. Nyumba ya namna hiyo haijiseti hata ukiipa miaka ishirini. Mvua zikirudi inaanza upya. Dawa yake ilikuwepo siku ya kwanza: kuchimba mpaka kuupita udongo ule, au kusuka msingi wa nondo unaotembea pamoja kama kitu kimoja. Sasa yule mama anachimbiwa chini ya msingi kipande kwa kipande, anamwagiwa zege, na sitaandika hapa gharama yake.

Siyo kila ufa ni msiba, nisije nikakutia presha bure. Vile vijufa vyembamba kama unywele, vilivyotapakaa kwenye plasta bila mpangilio, mara nyingi ni plasta iliyokaushwa haraka na jua. Skimu na rangi vinatosha. Unaotakiwa kukukosesha usingizi ni ule wa mshazari unaotoka kwenye kona za milango na madirisha, unaoonekana ndani na nje, au unaopanuka. Utajuaje unapanuka? Penseli. Weka alama ufa unapoishia, andika tarehe pembeni, rudi baada ya mwezi. Ukikuta umeivuka alama yako, mwambie muuzaji hiyo nyumba inajiseti kuelekea wapi.

Ushauri wangu ambao wateja hawaupendi ni huu: nenda ukaione nyumba mvua ikinyesha. Usiende siku ya pili yake. Nenda ikiwa inanyesha, na mwavuli wako. Utachafuka, ndiyo. Simama nje uone maji yanatokea wapi na yanakwenda wapi. Ingia ndani, angalia kwenye kingo za dari. Ukishindwa kusubiri mvua, nenda na ndoo. Mwaga maji bafuni uone kama yanalifuata tundu au yanakuja sebuleni kukusalimia. Fungua bomba zote kwa pamoja, kisha vuta choo. Funua chemba ya maji taka uone kama yanapita. Mimi kwenye begi nina sarafu ya shilingi 200 kazi yake ni moja tu, kugonga marumaru: inayolia tupu haijashika chini, na siku ukiangusha sufuria utaipata vipande vipande.

Mengine nayapitia haraka, ingawa nayo yananichosha.

"Benki imeleta mtu wake, kasema iko vizuri." Yule ni mthamini. Kazi yake ni kuiambia benki nyumba ikiuzwa itapatikana shilingi ngapi. Hajachimba msingi wala hajapanda darini. Benki inalinda pesa yake, na ina mshahara wako mkononi hata ukuta ukianguka.

"Mkandarasi ana kipindi cha matazamio." Yaani muda ambao anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake. Ni kweli anacho, mara nyingi miezi sita au mwaka mzima, lakini kwenye mkataba wake na aliyemjengea. Wewe humo haumo. Kama unataka kasoro zirekebishwe, ziandikwe kwenye mkataba wako wa mauziano, moja moja, zikiwa na tarehe, na sehemu ya malipo ibaki kwa wakili mpaka masika moja yapite. Wauzaji wengi watakataa. Anayekataa kubakiza hata asilimia tano amekwambia jambo, sikiliza.

"Hati ipo, nimeiona." Umeona kivuli chake kwenye simu ya dalali. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama ina rehani au zuio. Muuzaji akiwa na ndoa na hapo ndipo wanapoishi, ridhaa ya mwenzake ni lazima, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Halafu mlete mpima akuonyeshe bikoni, yale mawe ya mipaka ya kiwanja, maana nimeshakutana na karo la maji taka lililochimbwa, kwa heshima zote, kwenye kiwanja cha jirani. Kama kuna mto karibu, pima: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde halina huruma na mtu mwenye hati.

La mwisho ni la madalali. "Fanya haraka, kuna mteja mwingine anakuja saa nane na pesa taslimu." Miaka yote hii huyo mteja wa saa nane sijawahi kukutana naye. Safari moja nikaamua nirudi nimsubiri. Nilimkuta dalali peke yake, amelala chini ya mwembe, viatu amevifanya mto. Tukakaa mpaka saa kumi. Soda nililipa mimi.