Je, wajua kwa nini Marekani notari, yule anayeshuhudia saini yako na kugonga muhuri, anakufuata mpaka nyumbani, na akifika anaangalia nini hasa?

Mwaka jana nilirusha picha kwenye grupu letu la familia la WhatsApp. Baba mdogo amekaa mezani, mguu kaunyoosha juu ya stuli maana nyonga ilikuwa imevunjika, mama mdogo yuko pembeni na miwani yake, na mbele yao kuna mzee mmoja kafungua daftari kubwa, muhuri wake uko karibu kabisa na bakuli la karanga. Haijapita dakika mbili binamu yangu wa Nairobi akauliza, huyo wakili mmempa pesa ngapi mpaka akakubali kuja nyumbani? Nikamwambia huyo si wakili, ni mtu aliyestaafu posta. Ehe! Grupu zima likaamka. Mtu wa posta anapiga muhuri karatasi za nyumba? Si mmeibiwa nyinyi?

Hatukuibiwa. Lakini swali lao lilikuwa la haki kabisa, manake huku na nyumbani neno ni lile lile ila kazi ni mbili tofauti.

Kenya notari ni wakili, tena wakili aliyekaa kwenye kazi si chini ya miaka 5, na anayemteua ni Jaji Mkuu. Tanzania pia ukitaka muhuri wa namna hiyo unapanda ngazi kwenda ofisi ya wakili, kwenye kibao cha nje imeandikwa wakili, notari na kamishna wa viapo, vyote kwa mtu mmoja. Kwa hiyo sisi tumezoea kwamba muhuri ukishagongwa basi kuna msomi wa sheria ameipitia ile karatasi. Hapa California tunapoishi notari ni mtu yeyote wa miaka 18 na kuendelea, awe amesoma kozi ya saa 6, amepasi mtihani wa serikali ya jimbo, amechukuliwa alama za vidole aangaliwe rekodi yake, na ameweka dhamana ya dola 15,000. Basi. Anapewa miaka 4, ikiisha anaomba upya. Anaweza kuwa mwalimu, mama wa nyumbani, karani wa benki, au mzee wa posta kama huyu wetu. (Louisiana ndio kichwa ngumu, wao sheria zao zina asili ya Kifaransa na Kihispania na notari wao ana mamlaka makubwa zaidi, wanaandika hata wosia. Tuwaache.)

Sasa kwa nini anaweza kuja nyumbani? Kwa sababu mamlaka yake hayakai ofisini, yanakaa kwake yeye mwenyewe. Akiwa popote ndani ya mipaka ya jimbo lake, na muhuri na daftari, hapo ndipo ofisi ilipo. Kwenye meza ya chakula, kwenye kitanda cha hospitali, kwenye gari pakingi ya supamaketi, hata jela anaenda.

Mfano ninaoupenda ni wa 1923. Rais Harding alifia San Francisco usiku wa tarehe 2 Agosti, na makamu wake Calvin Coolidge alikuwa likizo kwa baba yake kijijini Plymouth Notch, Vermont, nyumba haina umeme wala simu. Mjumbe akaja usiku kugonga mlango. Saa 8 na dakika 47 za usiku, taa ya mafuta inawaka, mzee Coolidge akamwapisha mwanawe kuwa rais wa Marekani, maana huyo mzee alikuwa notari. Baadaye wakubwa wakaingiwa na wasiwasi kama notari wa jimbo anaweza kumwapisha rais wa nchi, wakamwapisha tena kimya kimya Washington mbele ya jaji tarehe 21 mwezi ule ule. Lakini fikiria tu, urais wenyewe uliapishwa sebuleni, sembuse karatasi za baba mdogo.

Haya, karatasi zenyewe ni zipi. Watu wengi wanasema "naenda kusaini wosia kwa notari" na hapa California hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu wosia hauhitaji notari kabisa. Unahitaji mashahidi wawili wawepo pamoja wakati mmoja, na wasiwe watu ambao wanarithi humo ndani, la sivyo utatafutiwa maneno. Ukiuandika wote kwa mkono wako mwenyewe na kusaini, hata mashahidi si lazima. Majimbo mengine kama Florida na Texas notari anaingia kwa njia ya pembeni, mashahidi wanaapa mbele yake siku ile ile ya kusaini ili siku ukifa wasianze kutafutwa mmoja mmoja waje mahakamani. Hata kwetu ni mashahidi ndio wanaobeba wosia, sheria ya urithi ya Kenya inataka wawili, notari hatajwi.

Kinachomleta notari nyumbani ni zile karatasi zingine kwenye faili. Kuna hati ya uwakala, ile ya kumpa mtu mamlaka ashike mambo yako ya pesa ukiwa hujiwezi. Kuna ya matibabu, nani aongee na madaktari, hii unachagua, mashahidi wawili au notari (na kama mgonjwa yuko kwenye nyumba ya uuguzi lazima asaini pia yule mtetezi wa wagonjwa, watu wanasahau hili na karatasi inakuwa bure). Halafu kuna trasti, yaani mpango wa kisheria wa kushika mali kwa ajili ya watakaoirithi, na hati ya nyumba.

Trasti ndiyo kila mtu anaizungumzia huku na sababu ni hesabu. Ukifa na nyumba iko kwa jina lako, mirathi inapita mahakamani na ada ya wakili imeandikwa kwenye sheria, 4% ya dola 100,000 za kwanza, 3% ya 100,000 zinazofuata, 2% ya 800,000 zinazofuata. Nyumba ya dola 900,000, na San Diego hiyo si kasri ni nyumba ya kawaida tu yenye majani yaliyokauka mbele, inatoa 4,000 jumlisha 3,000 jumlisha 14,000, yaani dola 21,000 kwa wakili, na msimamizi wa mirathi naye ana haki ya kudai kiasi hicho hicho. Tena wanapiga hesabu kwa thamani nzima bila kutoa deni la benki! Kwa hiyo watu wanaiweka nyumba ndani ya trasti wakiwa hai, wanaendelea kuishi humo na kuisimamia wenyewe, wakifa inapita kwa waliotajwa bila kwenda mahakamani. Ila trasti bila kuhamisha hati ya nyumba ni kama kununua kabati ukaacha nguo sakafuni. Na hati haipokelewi ofisi ya kaunti bila muhuri wa notari.

Sasa nirudi mezani, kwa sababu yule wa kwenye picha alikuwa notari wa pili. Wa kwanza alikuja, akakaa dakika 15, akaondoka na pesa yake ya usafiri bila kugonga kitu, na mimi ndiye niliyemwita kwa hiyo lawama zote zilinishukia.

Alianza na vitambulisho. Baba mdogo akatoa leseni, safi. Mama mdogo akatoa grinikadi kwa madaha, yule notari akatikisa kichwa. Grinikadi! Kadi ambayo tumeipigania miaka, tunaipeleka kila ofisi, kumbe kwa notari wa California haimo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubalika. Pasipoti ya kigeni inakubalika, ila iwe hai au kama imekufa iwe ilitolewa ndani ya miaka 5, na ya mama mdogo ilikuwa imekufa zamani sana. Leseni hana, haendeshi.

Akauliza kitu kingine, safari hii akamgeukia mama mdogo mwenyewe, kwa Kiingereza, kama anaelewa anachosaini. Mama mdogo akanitazama mimi. Nikaanza kutafsiri, na hapo hapo notari akainua mkono akasema samahani, hairuhusiwi. Nilikasirika jamani, nikaona ni ubaguzi. Baadaye ndio nikaelewa. Notari wa hapa lazima aongee na anayesaini moja kwa moja, hakuna mkalimani katikati, kwa sababu mkalimani anaweza kusema lolote. Na mimi nilikuwa nimetajwa humo ndani kama msimamizi wa akiba wa trasti! Yaani mtu mwenye maslahi ndiye anayesema "ndio, ameelewa, gonga tu." Nikijiweka nafasi yake na mimi ningekataa.

Ikabidi tutafute notari anayejua Kiswahili. Tukampata huyu mzee wa posta, Mkongomani wa Lubumbashi, na la kitambulisho akatufundisha dawa yake kwenye simu kabla hajaja, tutafute watu wawili wenye vitambulisho vyao vizuri, wanaomfahamu mama, wasiotajwa kwenye karatasi na wasiofaidika na chochote, waape kwamba huyu ndiye yeye. Wakaja jirani na mwenzake wa kanisani. Mimi nikatumwa jikoni nikaangalie chai, kwa adabu lakini ni kufukuzwa, na nikasikia akimuuliza mama mdogo, "Mama, unayua hizi ni karatasi ya nini?" Mama akamjibu, ni za nyumba, ili nikifa hawa wasije wakagombana. Akauliza tena, kuna mtu amekulazimisha? Akacheka, akasema aliyenilazimisha ni nyonga ya huyu mzee.

Hilo ndilo analokuja kuangalia. Je, wewe ni wewe, unajua unachofanya, umekubali kwa hiari yako. Karatasi zilikuwa za Kiingereza zote na hakuzisoma, alipekua tu kuona hakuna nafasi zilizoachwa wazi. Kueleza maana yake ni kazi ya wakili, na wakili alishafanya hivyo wiki mbili kabla, huko ofisini mkalimani anaruhusiwa. Notari asiye wakili hata ukimuuliza "nisaini hii au ile?" hatakiwi kukujibu. Na tangu 2015 cheti cha notari wa California lazima kiwe na kijisanduku juu kinachosema waziwazi kwamba amethibitisha utambulisho wa aliyesaini tu, sio ukweli wala usahihi wa karatasi yenyewe. Nilimpigia picha binamu nikamtumia hicho kijisanduku, akanyamaza siku nzima.

Uzito wenyewe uko kwenye daftari. Kila saini inaandikwa mstari wake, tarehe, saa, aina ya karatasi, kitambulisho gani, ada kiasi gani, na unasaini humo pia. Kwa hati ya nyumba na hati ya uwakala unaweka na dole gumba la kulia, maana hizo ndizo zinazotumika kuibia wazee. Mama mdogo alipomaliza akapangusa dole kwenye kitambaa cha meza, doa liko mpaka leo.

Bei: ada ya juu kisheria ni dola 15 kwa kila saini, sisi zilikuwa 8 kwa hiyo 120, halafu usafiri mnapatana wenyewe kabla hajawasha gari. Ulizeni mapema, usiku na wikendi inapanda. Na ukiona notari asiye wakili anajitangaza kuwa anashughulikia uhamiaji na wosia na kila kitu, kimbia. Walatino wameumizwa sana hapo, kwao notari ni mwanasheria mkubwa kama kwetu, wezi wakatumia hilo jina kuwala pesa, mpaka California ikapiga marufuku notari kujitangaza kwa Kihispania kama "notario público". Marufuku hiyo inataja Kihispania, sisi Waswahili na neno letu "notari" tujilinde wenyewe.

Kuna na wa onlaini siku hizi kwa vidio, Virginia ilianza 2012, Covid ikasukuma majimbo mengi yafuate. California imepitisha sheria yake 2023 lakini mfumo wa kuwawezesha notari wake kufanya hivyo wamejipa mpaka 2030, kwa hiyo hapa bado mtu anakuja na begi.

Hati tukaipeleka kaunti wenyewe kesho yake, hiyo msimwachie mtu. Wiki kadhaa baadaye ikarudi kwa posta na namba ya kaunti juu pembeni, mama mdogo akaikunja akaitia kwenye mkebe wa biskuti, juu ya ile pasipoti iliyokufa.