Kilomita gawanya kwa 900? Masaa ya ndege hayapatikani hivyo

Kazi yangu ni kupanga njia za ndege, yani rubani hajafika mimi nishakaa na chati za upepo napiga hesabu ya mafuta, na swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile: umbali ni huu, ndege inakwenda kama 900 kwa saa, mbona tiketi inasema masaa mengi hivyo?

Kwanza umbali wenyewe. Kilomita unazoziona mtandaoni ni za njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, sio mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani. Chukua tufe, vuta uzi toka Singapore mpaka New York, utashangaa uzi unakatiza karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini. Ni kama kilomita 15,300 hivi, na ratiba ni masaa 18 na ushee bila kutua popote.

Sasa upepo, hapa ndo penyewe. Kule juu kilomita 10 hivi kuna mkondo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi unapita 200 kwa saa bila shida. London na New York ni kama kilomita 5,540. Ukigawanya kwa 900 unapata masaa 6 na dakika 9, lakini weka upepo wa 100 tu usoni, ndege inabaki na 800 juu ya ardhi, inakuwa masaa 6 na dakika 55. Kurudi upepo unakusukuma, 1,000, unatumia masaa 5 na dakika 32. Wengi wanadhani kwenda na kurudi vinafidiana, wapi! Jumlisha uone, umepoteza dakika 9, kwa sababu upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri. Ndo maana mara nyingi naikimbia njia fupi makusudi, bora niongeze kilomita 300 niukwepe mkondo.

Halafu masaa ya tiketi yanaanza ndege ikisukumwa toka getini mpaka ikipaki kule, kwa hiyo foleni ya kuruka na kuzunguka juu kusubiri kutua vyote vimo humo.

Kuna na anga kufungwa. Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa masaa 9 na kitu kupitia juu ya Urusi, tangu 2022 ni kama 13. Viwanja havijasogea hata mita moja jamani.

Na usihesabu masaa kwa saa ya mkononi. Umeondoka New York saa moja jioni ukafika London saa moja asubuhi, utasema umeruka masaa 12, kumbe toa 5 za tofauti ya saa, ni 7, na humo kuna dakika kibao mlikuwa bado mnatambaa chini kwenye lami.