Bruce Ames, sumukuvu na mboga za mzee

Bruce Ames, mwanabaiokemia wa Marekani aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 95, hafahamiki sana hapa Uganda. Lakini mambo aliyoyachunguza maisha yake yote yamo ghalani mwetu na kwenye masufuria yetu.

Jina lake lilivuma miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kipimo cha bei nafuu cha kunasa kemikali zinazoharibu vinasaba. Alitumia bakteria wa Salmonella waliopoteza uwezo wa kujitengenezea histidini, kiungo kimojawapo cha protini. Bila histidini hawakui. Unawaweka kwenye kisahani, unatia kemikali unayoishuku, unasubiri siku mbili hivi. Kemikali ikiwa inageuza vinasaba, baadhi ya bakteria hurudiwa na uwezo wao na kisahani huota vidoadoa vyeupe unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Kisha akaongeza majimaji ya ini la panya, kwa kuwa kuna kemikali ambazo hazina neno mpaka ini lizigeuze. Sumukuvu (aflatoxin), sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, ni mojawapo: ini likiwepo, vidoa hufumuka.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania, ilitaja sumu hiyohiyo. Mjadala wote ukawa wa soko na malori mpakani. Sisi wa lishe tulitamani angalau nusu yake ungehusu wanaokula mahindi yaleyale nyumbani, maana kuyapika posho (ugali) hakuiondoi sumu. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kukausha hasa kabla ya kuhifadhi, na kutupa punje zenye ukungu bila kuzionea huruma.

Uzeeni Ames aligeukia lishe, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye faida kubwa kwetu. Mwaka 1997 yeye na wenzake walionyesha kwamba mtu mwenye upungufu wa foleti, vitamini ya kundi B, huingiza kwenye maandishi ya vinasaba herufi isiyo yake. Mwili ukijaribu kuikata ili kurekebisha, mikato miwili ikikaribiana, kromosomu, uzi unaobeba vinasaba, huvunjika. Foleti imejaa kwenye maharage na mboga za majani.

Mwaka 2006 akatoa nadharia pana zaidi. Vitamini au madini yakipungua, mwili hufanya kama nyumba yenye fedha kidogo: hununua chakula cha leo, paa linalovuja likasubiri. Chukua vitamini K. Ini huitumia kwanza kutengeneza protini za kugandisha damu, kwa sababu bila hizo mtu hufa upesi. Protini nyingine zinazoitegemea, za kuimarisha mifupa na kuzuia chokaa isijijenge kwenye kuta za mishipa, ndizo zinazopunjwa. Mtu haumwi chochote, anafanya kazi zake, na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi.

Hii bado ni nadharia, na wauza vidonge wa mjini wanapenda kuitumia kuliko inavyoruhusu. Ames mwenyewe aliwahi kuwapa panya wazee virutubisho wakachangamka, lakini panya si jjajja (bibi au babu) wa Mukono.

Hata hivyo inaeleza vizuri sahani ninazoziona. Mzee anasema ameshiba, na kweli ameshiba: posho, matoke, chai ya rangi. Mboga za majani kama dodo na nakati ameziacha kwa sababu meno yamekwisha. Mukene, yaani dagaa, anauogopa kwa mchanga. Dodo ikatwe nyembamba sana, ichemshwe kwa maji kidogo, itiwe kijiko cha mafuta au karanga safi zilizotwangwa, kwani vitamini K hufyonzwa pamoja na mafuta. Mukene uchaguliwe uliokaushwa juu ya vichanja, uoshwe, ukaangwe mkavu, usagwe na mifupa yake, kisha unyunyizwe kwenye maharage yaliyopondwa. Hapo kalsiamu na protini zinapita bila kutafuna.

Angalizo moja kwa familia: mzee anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongezewe wala kupunguziwa mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K hupingana na dawa hiyo. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na anayetaka kumbadilishia aongee kwanza na kliniki inayompima damu.