Kuhamisha mchezo wa jukwaani kuwa muvi ya komedi, maana yake nini hasa?

Unakuta mchezo wa stejini kazi yote inafanywa na mdomo, watu chumba kimoja wanajibizana mpaka pazia lishuke, halafu mtu anautaka uwe muvi ya kuchekesha. Wengi wanadhani kazi ni kuwatoa wahusika nje tu, weka magari, weka barabara. Hiyo ni sehemu ndogo, na ndo inayoua komedi nyingi, maana kicheko kinatoka kwa watu waliobanana hawana pa kukimbilia.

Chukua mchezo wa The Front Page ulioandikwa na Ben Hecht na Charles MacArthur, ulianza 1928 Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo New York. Ni chumba cha waandishi wa habari, jengo la mahakama ya jinai Chicago, wanasubiri mtu anyongwe. Hildy Johnson anataka kuacha kazi akaoe, bosi wake Walter Burns hataki hata kusikia. Muvi ya kwanza ilitoka 1931, ila ya 1940, His Girl Friday ya mwongozaji Howard Hawks, ndo ya kusomea: Hildy kawa mwanamke, tena mtalaka wa Burns! Basi kila wakibishana kuhusu habari ya gazeti wanabishana pia kuhusu ndoa yao, na mchumba mpya kakaa pembeni haelewi kitu.

Hawks aliongeza sehemu za nje, kuna ofisi ya gazeti, kuna mgahawa, lakini kile chumba hakukigusa, yule wa kunyongwa katoroka, anafichwa ndani ya meza ya kuandikia yenye mfuniko na askari wamejaa humohumo, ukitoka nje hapo umeshaharibu.

Kubwa zaidi ni kasi. Stejini mwigizaji anangoja kicheko kipoe ndo aendelee, kwenye muvi hakuna wa kumngojea mtu, ukiacha pengo linaonekana tu watu wamenyamaza bila sababu. Hawks akataka wadakiane maneno, sasa ili usipoteze maana sentensi zinawekewa maneno mepesi mwanzoni na mwishoni, mwenzio anakukatia kauli kwenye ule mkia, la maana lilishapita na umelisikia.

1974 mwongozaji Billy Wilder akautengeneza tena mchezo huohuo kuwa muvi, akamrudisha Hildy kuwa mwanaume, Jack Lemmon na Walter Matthau humo. Si mbaya, ila mi ya 1940 ndo nairudiaga.